Nani Alipata Nini? Mazungumzo Kuhusu Neno Moja la Kiingereza

 Mlio jikoni, mlio ndani ya daladala, mlio dukani mkisubiri wateja, nanyi wanafunzi mliofungua madaftari huku sikio moja liko redioni, karibuni nyote katika mazungumzo yetu ya lugha.

Leo tunaliweka mezani neno moja tu la Kiingereza. Si refu sana, wala si geni sana, lakini limewatoa jasho wengi: watoto wa kidato cha kwanza, maofisa wanaoandika ripoti, hata watu wenye shahada zao ukutani. Neno lenyewe ni "respectively". Nalitamka tena polepole: "respectively". Mkazo uko kwenye silabi ya pili.

Na kwa kuwa najua wapo watakaoshuka kituoni kabla sijamaliza, nalisema jambo langu kuu sasa hivi. Neno hili inafaa lieleweke mapema, litumiwe baadaye, na litumiwe kwa nadra. Narudia: kulielewa, mapema, kulitumia, baadaye, na ukishaliweza, usilitumie ovyo. Mengine yote nitakayosema ni kufafanua hayo matatu.

Tuanze na kazi yake. Neno hili linafanya nini hasa?

Turudi mwaka 1980, michezo ya Olimpiki ya Moscow. Tanzania ilitoka na medali mbili za fedha. Filbert Bayi aliipata yake katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui aliipata yake katika mita 5,000. Sasa Mwingereza akitaka kuyasema hayo yote kwa mkupuo mmoja, ataandika hivi: "Filbert Bayi and Suleiman Nyambui won silver in the 3,000 metres steeplechase and the 5,000 metres respectively."

Umesikia? Kwanza ametaja watu wawili. Kisha ametaja mbio mbili. Mwishoni ameweka lile neno letu. Na lile neno linamwambia msomaji: mtu wa kwanza mpe mbio za kwanza, mtu wa pili mpe mbio za pili, usichanganye.

Je, tukiliondoa? Sentensi itabaki imesimama, lakini mtu asiyejua habari za riadha anaweza kudhani kwamba wote wawili walikimbia mbio zote mbili. Kwa hiyo neno hili halikuja kupamba. Limekuja kugawa: nani alipata nini.

Ni kama vifungo vya shati na matundu yake. Kifungo cha kwanza kikiingia tundu la kwanza, vyote vinakaa sawa hadi chini. Ukikosea kimoja tu cha juu, shati zima linakwenda upande.

Sasa wapo watakaouliza: sisi kwa Kiswahili hatuna neno hilo? Tunalo. Katika vitabu na ripoti tunaandika "mtawalia", au "kwa mfuatano huo". Lakini hebu jisikilize unavyozungumza nyumbani. Ni lini mara ya mwisho umemwambia jirani "mtawalia"? Sisi tukizungumza tunapita njia nyingine. Tunasema: Bayi alipata fedha kwenye viunzi, naye Nyambui kwenye mita 5,000. Hako ka "naye" ndiko kanakofanya kazi yote. Au tunatumia "kila": kila mtu alikwenda kwake. Au tunalirudia neno: wape madaftari mawili mawili. Ukisema "wape mawili", mtoto anaweza kuwapa wote mawili wagombanie. Ukisema "mawili mawili", hakuna ugomvi, kila mmoja anajua fungu lake.

Kwa hiyo wazo la kugawa tunalo tangu utotoni. Kinachotusumbua ni umbo la sentensi ya Kiingereza, lile la kutaja watu wote kwanza, kisha vitu vyote, kisha kumwachia msomaji avioanishe mwenyewe.

Tumeelewana hadi hapo? Vizuri. Sasa twende kwenye ngazi.

Wanaofundisha lugha za kigeni siku hizi hutumia sana mfumo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Una ngazi sita: A1 na A2 ni za anayeanza, B1 na B2 ni za anayeweza kujitegemea, C1 na C2 ni za aliye mahiri. Mimi leo nitazipanga kwa herufi zake tatu tu, A, B na C, na kwa kila herufi tutauliza swali moja: huyu na neno letu wanahusianaje?

Tuanze na A. Huyu ndiye anayejifunza kusema jina lake, umri wake, anakotoka, na alichokula jana. Je, anahitaji "respectively"? Jibu langu ni hapana. Anachohitaji ni sentensi mbili fupi na nukta katikati. "Bayi won silver in the steeplechase. Nyambui won silver in the 5,000 metres." Basi. Kirai "won silver" kimerudiwa, na hakuna ubaya wowote. Walimu wenzangu, naomba mtoto wa ngazi hii akiandika hivyo msimwandikie kwa kalamu nyekundu kwamba ana maneno ya kurudiarudia. Amesema kweli, amesema wazi, na hakuna aliyechanganyikiwa. Apewe alama zake.

Tupande hadi B. Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu, na ndipo penye maumivu pia.

Kwa nini maumivu? Fikiria mtoto wetu wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya kawaida. Miaka yote amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza. Sasa niulizeni: mtoto huyu atakutana na "respectively" kwa mara ya kwanza kwenye somo gani? Kwenye Kiingereza? Mara nyingi, hapana. Atakutana nalo kwenye hisabati. Atakutana nalo kwenye fizikia. Swali litasema: "Ali and Neema are 12 and 15 years old respectively." Kisha litamuuliza jambo kuhusu umri wa Neema.

Neema ana miaka mingapi? Mimi na wewe tunajua: 15. Lakini mtoto asiyelijua lile neno la mwisho atafanya nini? Wapo watakaobahatisha. Wapo watakaojumlisha 12 na 15. Wapo watakaoliacha swali. Na hesabu yenyewe, wasikilizaji, huenda anaiweza kabisa! Ukimuuliza kwa Kiswahili anakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Amekosa alama za hisabati kwa sababu ya neno la Kiingereza.

Sasa nani alipaswa kumfundisha? Mwalimu wa hisabati anasema hiyo ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza anasema bado hajafika huko, yuko kwenye nyakati za vitenzi. Mtoto amebaki katikati. Ndiyo maana nikasema mwanzo, na sasa narudia: kulielewa, mapema. Mwalimu wa hisabati, mwalimu wa fizikia, hili liko mikononi mwenu. Halihitaji kipindi kizima. Andika ubaoni Ali na Neema, chini yake andika 12 na 15, chora mshale kutoka Ali kwenda 12 na mwingine kutoka Neema kwenda 15, kisha waambie: mishale hii miwili kwa Kiingereza inaitwa "respectively". Dakika moja tu, na umewaokolea alama za miaka minne.

Mnaona basi kwamba kulielewa neno ni jambo moja, na kulitumia ni jambo jingine. Yule mtoto wa B anatakiwa alisome na alielewe. Halazimiki kuliandika.

Lakini binadamu akishalijua neno, hukaa analo mdomoni? Hakai. Atataka kulitumia. Na hapo kwenye nusu ya juu ya B, makosa huja manne, ambayo nitayataja moja moja.

Kosa la kwanza ni kulitumia pasipo orodha mbili. Mtu anaandika: "Juma and Asha passed the exam respectively." Hapa tuna watu wawili, lakini mtihani ni mmoja. Tunagawa nini? Hakuna cha kugawa. Orodha ziwe mbili, ndipo neno lipate kazi.

Kosa la pili ni hesabu kutolingana. Majina matatu, tarakimu mbili. Sasa yule wa tatu apewe nini? Hesabu upande huu, hesabu na upande ule. Zikilingana, endelea. Zisipolingana, simama.

Kosa la tatu linatuhusu sisi Waswahili hasa. Nimesema kwamba kwa Kiswahili tunaandika "mtawalia". Lakini "mtawalia" yetu ina kazi mbili. Tunasema pia: mvua ilinyesha siku tatu mtawalia, yaani siku tatu mfululizo, moja baada ya nyingine. Anayebeba hiyo "mtawalia" na kuitia kwenye Kiingereza ataandika kwamba mvua ilinyesha "for three days respectively". Hapo amepotea njia. Mfululizo kwa Kiingereza ni "consecutively", au kwa wepesi zaidi, "three days in a row". Neno letu la leo halihesabu siku zinazofuatana. Linaoanisha tu.

Kosa la nne ni la barua za ofisini. Mtu ameomba kazi kwa adabu zote, kisha mwishoni anafunga: "Yours respectively." Alikusudia kusema "Yours respectfully", yaani kwa heshima. Maneno haya mawili yanafanana sura, na msimcheke anayeyachanganya, kwa maana ni ndugu kweli. Wakati wa Shakespeare yalikuwa bado hayajatengana vizuri. Katika The Merchant of Venice, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri akaiita Mabepari wa Venisi, mmoja wa wahusika analitumia neno "respective" kwa maana ya mtu anayejali, anayetunza. Lakini hiyo ni karne nne zilizopita. Leo, anayeandika barua ya kazi ayatenganishe.

Haya. Nimetaja makosa manne: kukosa orodha mbili, hesabu kutolingana, kuchanganya na mfululizo, na kuchanganya na heshima. Ukiyakwepa hayo, umefika mlangoni mwa C.

Huyu wa C ni nani? Ni mtu anayeandika tasnifu, anayeandaa ripoti ya mradi, anayefanya mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS ili aende kusoma nje. Ndani ya mtihani huo, kwa wanaokwenda chuo kikuu, kuna kazi ya kuandika ambapo unapewa grafu au jedwali ulieleze kwa maneno yasiyopungua 150. Mahali hapo ndipo watahiniwa wengi wanapolimwaga neno letu kila aya. Wameambiwa linaonyesha kiwango cha juu. Je, linaonyesha?

Sikilizeni sentensi mbili. Ya kwanza: "Mount Kilimanjaro and Mount Kenya are 5,895 and 5,199 metres high respectively." Ya pili: "Mount Kilimanjaro is 5,895 metres high and Mount Kenya 5,199." Ipi imeingia akilini upesi? Ya pili. Na ipi ni fupi? Vilevile ya pili! Lile neno la kifahari limeirefusha sentensi na kuifanya ngumu zaidi. Tumelipa mara mbili, na hatukununua kitu.

Si mimi wa kwanza kulisema hili. Mwaka 1926 Mwingereza mmoja, Henry Fowler, alichapisha kamusi ya matumizi ya Kiingereza ambayo bado inatajwa hadi leo. Alilikemea neno hili na ndugu yake "respective" bila huruma. Kwa maoni yake, sentensi nyingi zenye maneno hayo zingekuwa nzuri zaidi yakiondolewa. Na huyo ni mwenye lugha yake, akiwaambia wenzake.

Basi tulitupe kabisa? Hapana, msinielewe vibaya. Lipo pahala linapostahili. Mtafiti anaandika: "Samples A and B were heated for one hour at 60 and 80 degrees respectively, and then cooled." Sampuli mbili zimepitia hatua zilezile: zimepashwa moto saa moja, zimepozwa. Tofauti yao ni moja tu, kiwango cha joto. Ukiigawa sentensi hii mara mbili, msomaji ataanza kujiuliza kama taratibu nazo zilitofautiana. Hapa neno letu linaonyesha kwamba yote yalikuwa sawa isipokuwa hicho kimoja. Hapa linakula jasho lake.

Na hata hapo lina mipaka. Vitu viwili, sawa. Vitatu, unaweza kusamehewa: Tanganyika, Uganda na Kenya zilipata uhuru mwaka 1961, 1962 na 1963 mtawalia. Lakini ongeza Rwanda na Burundi, zifike nchi tano, utamwona msomaji ameweka kidole kwenye karatasi, anahesabu, anarudi, anahesabu tena. Ikifika hapo, ndugu yangu mwandishi, chora jedwali.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sote, hata wewe usiyekusudia kuandika Kiingereza maisha yako yote.

Asili ya neno hili ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutazama nyuma. Na ndivyo linavyofanya kazi: linamtaka msomaji ageuke, arudi kwenye orodha ya kwanza, achukue, aje aoanishe. Msomaji anaweza, kwa kuwa karatasi iko mbele yake. Lakini wewe unayenisikiliza sasa utarudi wapi? Sauti ikishapita, imepita.

Fikiria mama ametoka hospitali na mgonjwa wake, anakabidhiwa dawa dirishani. Mtoa dawa anamwambia: "Hivi vyeupe na hivi vya njano, kimoja na viwili kwa siku, mtawalia." Mama anaitika, "Ndiyo, mwanangu," anaondoka. Akifika nyumbani, vipi vilikuwa kimoja? Vipi vilikuwa viwili? Hapo si suala la alama za mtihani tena, ni suala la afya ya mtu. Mtoa dawa mwenye busara angesema: "Mama, hivi vyeupe, kimoja kwa siku. Hivi vya njano, viwili kwa siku." Sentensi mbili, na nukta katikati.

Je, mmetambua jambo? Sentensi hizo ni zilezile za mtoto wetu wa A. Aliye juu kabisa kwenye ngazi, anapotaka kueleweka, anashuka na kuzichukua sentensi za anayeanza. Tofauti iko hapa: mtoto anazitumia kwa kuwa hana nyingine. Mahiri anazo nyingi, na amezichagua hizo kwa kumwangalia anayesikiliza.

Kwa hiyo ukiniuliza umahiri wa neno hili unapimwaje, sitahesabu umeliandika mara ngapi. Nitakuuliza: hapa umeliweka kwa sababu gani? Na pale umeliacha kwa sababu gani? Ukiwa na majibu ya maswali yote mawili, umefika.

Muda wetu unakimbia, kwa hiyo nifunge kwa kuwagawia kila kundi fungu lake.

Wanafunzi: ukiliona "respectively" kwenye swali la hesabu, usiogope. Chora mishale. Cha kwanza kwa cha kwanza, cha pili kwa cha pili.

Walimu, hasa wa hisabati na sayansi: lifundisheni mapema, msimsubiri mwalimu wa Kiingereza. Na anayeandika sentensi mbili fupi badala yake, mwacheni.

Nanyi mnaoandika ripoti: kabla ya kuliweka, hesabuni orodha zenu pande zote mbili. Kisha jaribuni kuliondoa. Sentensi ikipona, liacheni nje.

Na zoezi la nyumbani ni hili. Wangari Maathai wa Kenya alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Waandikeni wote wawili kwa Kiingereza mara mbili, mara moja kwa "respectively" na mara moja bila hilo. Kisha mtafute mtu nyumbani, msomee zote mbili bila kumwonyesha karatasi, halafu muulize: nani alipata tuzo gani, na mwaka gani? Sentensi atakayoijibu bila kukuomba urudie, hiyo ndiyo ya kubaki nayo.